Kutoka Chanjo ya Korogwe hadi Kifua cha Mjomba

Mjomba wangu wa Handeni alikohoa karibu mwaka mzima kabla ya kuambiwa anaumwa nini. Makohozi yalipimwa, vimelea vya kifua kikuu havikuonekana, lakini kituo kimoja cha afya kikamwanzishia dawa za kifua kikuu hivyo hivyo kwa kuwa dalili zilifanana. Akazimeza miezi sita bila kuruka siku, maana ni mtu wa kutii maagizo yote isipokuwa lile la kuacha sigara. Kikohozi hakikuondoka, suruali zikazidi kumpwaya. Alipofikishwa Dar es Salaam, picha ya CT na kinyama kilichokatwa pafuni vilitoa jibu: saratani ya mapafu, nayo ilikuwa imekwisha kutoka nje ya pafu. Akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani.

Binamu yetu aliyeko Uingereza ndiye aliyewasha moto kwenye kundi la ukoo. Aliandika kwamba huko aliko mgonjwa wa namna hii huulizwa mapema kama angependa kuingia kwenye majaribio ya tiba mpya, akatutaka tuulize kama mzee anaweza kupata nafasi. Shangazi akajibu papo hapo: mtu wetu hafanywi panya. Mwingine akakumbusha habari za mumiani, na wa tatu akauliza kwa nini hao wenye dawa wasiwajaribie ndugu zao. Kisha mjomba mwenyewe akatuma sauti, akikatizwa na kikohozi: "Mpwa wangu, si wewe uliyekuwa ukiwatoa damu watoto wa watu kule Korogwe? Hebu sema basi. Ni kweli tunafanywa panya?"

Lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulijibu kwa mkato.

Korogwe nilikwenda kutafuta kazi kama vijana wengi wa Handeni wanavyofanya, nikaangukia kazi ya nyanjani katika utafiti wa chanjo ya malaria. Ilikuwa RTS,S, chanjo ambayo leo inajulikana duniani. Korogwe ilikuwa imeshaijaribu mapema, pamoja na Kilifi ya Kenya: watoto 894 wa umri wa miezi 5 hadi 17, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2008 yakionyesha kuwa chanjo ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 53 katika muda ule wa ufuatiliaji. Mwaka 2009 ikaanza awamu ya tatu, kubwa kuliko zote: watoto zaidi ya 15,000, vituo 11, nchi 7 za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Cha kwetu kilikuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Tanga.

Kazi yangu haikuwa ya kitabibu. Nilikuwa mtu wa kutembea: kwenda kwenye mikutano ya vijiji, kupita nyumba kwa nyumba, kumkumbusha mama tarehe ya kliniki, kuuliza kama mtoto amechemka usiku. Nilizijua njia za kwenye mashamba ya mkonge kuliko nilivyozijua za kwetu Sindeni.

Mikutano ndiyo iliyonifundisha mapema. Watu hawakuuliza juu ya chanjo; waliuliza juu ya damu. Inakwenda wapi, nani anainunua, kwa nini ichukuliwe mara kwa mara kutoka kwa mtoto asiyeumwa. Katika kijiji kimoja ilisemwa wazi kuwa tunajaza chupa. Muuguzi tuliyekuwa naye hakubishana. Aliomba kijiko cha chai na bakuli kwa mwenye nyumba, akavuta maji kwa bomba la sindano hadi kwenye alama ile ile inayotumika kwa mtoto, akayamimina polepole kwenye kijiko mbele ya macho ya wote. Kijiko hakikujaa. Mzee mmoja akakichukua, akakiinamisha huku na huku, akampitishia mwenzake. Kilizunguka mkutano mzima. Baada ya hapo maswali yalibadilika, yakawa ya maana zaidi na magumu zaidi kuyajibu.

Gumu kuliko yote lilikuwa lile la kundi la kulinganisha. Katika utafiti ule, watoto wawili kati ya kila watatu walipata chanjo ya malaria. Wa tatu alipata chanjo nyingine, na nani aangukie wapi iliamuliwa kwa bahati nasibu, si kwa daktari wala mwenyekiti wa kijiji. Watoto wakubwa kidogo walioangukia upande ule walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Bomba la sindano lilizungushiwa karatasi ili mama, na hata daktari atakayempima mtoto baadaye, asijue ndani kuna nini. Mama mmoja wa Kizigua alinitazama kwa muda, kisha akauliza: "Kwani mwanangu ameumwa na mbwa?"

Watu walicheka, naye hakucheka. Nilimweleza kwa namna niliyofundishwa: tukiwapa watoto wote chanjo mpya, halafu mvua zikawa haba na mbu wakapungua, tutaisifu chanjo kwa kazi iliyofanywa na ukame. Hilo halikuwa la kufikirika tu. Katika miaka ile malaria ilikuwa inashuka yenyewe vijijini Korogwe, kwa vyandarua na dawa mseto na sababu nyingine ambazo wataalamu bado wanazijadili. Bila kundi la kulinganisha, kila kitu kilicholetwa Korogwe wakati ule kingeonekana dawa ya malaria, hata hirizi. Na chanjo ya kichaa cha mbwa si maji matupu. Inamfaa mtoto anayekulia kijijini penye mbwa wasio na mwenyewe. Mama akafikiri, akasema atarudi na baba wa mtoto. Walirudi, wakasaini, yeye kwa wino wa kidole gumba na shahidi pembeni anayejua kusoma.

Namkumbuka zaidi mama mwingine, aliyekuja baada ya dozi ya pili kusema anatoka. Hakutoa sababu. Sisi vijana wa nyanjani tuliona ni hasara, tukaanza kumbembeleza, na daktari akatukatiza: "Mwacheni. Ana haki hiyo, na hadaiwi maelezo." Mtoto wake aliendelea kutibiwa kwenye kituo kile kile kama watoto wengine. Miezi baadaye nilipopita kijijini kwake, akina mama waliokuwa wakisita walinijia wenyewe. Walikuwa wamemwona mwenzao anatoka na hakuna lililompata. Mikutano yetu yote haikufanya kazi iliyofanywa na yule mama aliyejitoa.

Kuna jambo moja la Korogwe ambalo hadi leo halijanikaa sawa, nami siwezi kulipita. Watoto waliokuwa kwenye utafiti walitibiwa bure na kupimwa haraka, na mama alirudishiwa nauli. Kwa familia inayouza mahindi ili kununua dawa, hiyo si zawadi ndogo. Nilisikia akina baba wakiwaambia wake zao wasaini kwa sababu "pale mtoto anaangaliwa". Basi ridhaa ya mtu ambaye mlango mwingine wa matibabu umefungwa ni ridhaa ya namna gani? Waliotunga kanuni za utafiti wanasema mshiriki asinunuliwe, arudishiwe tu gharama zake. Sawa. Lakini mbele ya mtu asiye na kitu, hata nauli ni hoja. Sikuwahi kuona jibu la swali hili kwenye fomu yoyote, na sidhani kwamba dawa yake ni kuwanyima watu matibabu mema ili ridhaa yao ionekane safi. Dawa yake ni matibabu mema yawepo nje ya utafiti pia. Yakiwepo, mtu atakuja kwenye utafiti kwa kutaka.

Yanayonifanya niwatetee watafiti niliyaona wodini, mbali na chanjo. Hospitali za Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa zile zilizolinganisha kwinini na sindano ya artesuneti kwa watoto wenye malaria kali, katika utafiti uliofanyika nchi tisa za Afrika. Kwinini ilikuwa mfalme. Babu zetu waliijua, madaktari walisomeshwa nayo, na mtu aliyesema haifai alionekana anatafuta umaarufu. Matokeo yalitoka 2010: kati ya watoto 5,425, waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa watoto. Mtoto anayeletwa hospitali ya Magunga, Korogwe, usiku wa leo akiwa hajitambui hachomwi tena kwinini kwanza, na mama yake hana habari kwamba tofauti hiyo ilihesabiwa pale pale kwa watoto wa majirani zake.

La pili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wa damu umedhoofika, mikono imekuwa ya baridi, apewe maji mengi ya mishipa kwa haraka. Ilikuwa busara isiyohojiwa. Kati ya 2009 na 2011, hospitali za Uganda, Kenya na ile ya Teule ya Muheza zilithubutu kuihoji. Watoto 3,141 waligawanywa: wengine walipewa maji ya haraka kama vitabu vinavyosema, wengine hawakupewa, ila matibabu mengine yote yalikuwa sawa. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walifariki asilimia 10 na nusu hivi. Wasiopewa, asilimia 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ililazimika kusimamisha uandikishaji kabla ya wakati. Nilikuwa Muheza kwa shughuli nyingine habari hizo zilipowafikia wauguzi. Mmoja wao, mtu mzima, alikaa kwenye benchi la nje na kuvua viatu, akasema polepole kwamba amekuwa akifungulia maji yale tangu atoke chuoni.

Tangu siku hiyo neno la shangazi juu ya panya halinitishi. Aliyepewa tiba ambayo haijawahi kulinganishwa na nyingine naye anajaribiwa, tena bila fomu, bila kamati, bila haki ya kujitoa, na bila mtu wa kuandika kilichompata.

Mjomba alinielewa upesi nilipofika hapo, kwa sababu nilimwambia jambo lililomgusa. Zile dawa za miezi sita alizomeza bure, kwa ugonjwa asiokuwa nao, zenyewe zilitokana na majaribio ya Afrika Mashariki. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa mwaka mmoja, mwaka na nusu, hata zaidi, na wengi waliacha njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia kwenye majaribio yaliyoendeshwa na madaktari wa kanda hii pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1972: ukiongeza rifampisini au pirazinamaidi, miezi sita inatosha. Dunia nzima imejenga matibabu ya kifua kikuu juu ya msingi huo. "Kumbe wazee wetu ndio walionipunguzia," mjomba akasema, "na mimi nikazila kwa kosa la mtu mwingine." Akacheka, kikohozi kikamkatiza.

Upande wa saratani ya mapafu ilibidi nimweleze yasiyofanana na Korogwe. Mtoto wa chanjo alikuwa mzima. Mgonjwa wa saratani anaingia akiwa anaumwa na ana haraka. Kwa hiyo katika majaribio mengi ya saratani hakuna anayeachwa bila tiba: kundi moja hupewa tiba bora inayotumika sasa, jingine hupewa tiba mpya, au ile ile iliyoongezewa mpya. Awamu ya kwanza ya majaribio ni habari nyingine. Pale wanatafuta kipimo cha dawa ambacho mwili unaweza kuvumilia, na anayeingia lazima aambiwe bila kuzungukwa kwamba uwezekano wa yeye mwenyewe kupona ni mdogo. Anayeificha hiyo ni wa kukimbiwa.

Nikampa mfano mmoja. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la dawa iitwayo pembrolizumabu, inayouondolea mfumo wa kinga breki ambayo saratani huitumia kujificha. Wagonjwa 305 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ambao uvimbe wao ulikuwa na alama maalumu, waligawanywa kati ya dawa hiyo na tibakemikali ya kawaida. Kwenye dawa mpya wengi zaidi walikuwa hai, na madhara makali yalikuwa machache, hata jaribio likasimamishwa mapema na wale wa upande mwingine wakafunguliwa mlango wa kuipata. Nchi zilizoshiriki zilikuwa 16: za Ulaya, Marekani na Kanada, Japani, Israeli, Australia na New Zealand. Afrika haikuwa na hata moja.

Mjomba akaniuliza kama ile ya binamu ni ya namna hii. Binamu alikuwa ameshapiga simu. Majaribio aliyoyapata yaliwataka wagonjwa waliokuwa tayari wanatibiwa kwenye hospitali za huko, wanaoweza kurudi kupimwa kila wiki chache, ambao uvimbe wao umepimwa vinasaba. Mgonjwa wa Handeni hakuwa na lolote kati ya hayo. Huku kwetu daktari wake hakuwa na jaribio la kumwingiza.

"Sasa nyie," mjomba akasema, "mmegombana mwezi mzima kwa shamba ambalo hata si letu."

Ndivyo ilivyokuwa. Ukoo ulikuwa umejiandaa kumkinga mzee na jaribio, na jaribio lenyewe halikuwepo. Hapo ndipo hasira yangu ilipohamia. Kwenye malaria tumetoa watoto wetu kwa maelfu, tukajenga maabara, tukafundisha vijana kuandika kila homa na kila mzio, na watoto wa Korogwe wakaendelea kufuatiliwa pamoja na wa Kombewa ya Kenya na Nanoro ya Burkina Faso hadi miaka saba. Matokeo ya mwisho ya awamu ya tatu, yaliyochapishwa 2015, yalionyesha dozi nne zikipunguza malaria kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne kwa watoto waliozianza wakiwa na miezi 5 hadi 17. Si muujiza, ila ni namba iliyopatikana kwa uaminifu, na juu yake Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021.

Hata hapo tuna dai letu. Chanjo ilipoanza kutolewa kwa watoto wa kawaida mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa kuanza zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Nilikutana sokoni Manundu na mmoja wa akina mama zetu, mwanawe amekuwa kijana wa kuvunja sauti. Aliniuliza: "Dada, ile chanjo yetu mlipeleka wapi?" Alikuwa na haki ya kusema yetu. Anayekubali mwanawe ajaribiwe anapaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza kwamba dawa ikifaulu itamfikia lini na kwa bei gani, na kama hakuna anayejua, aambiwe hivyo.

Saratani inahitaji zaidi ya pikipiki na daftari. Huwezi kulinganisha tiba mpya na ya kawaida mahali ambapo ya kawaida yenyewe haipatikani. Inahitajika mashine ya CT iliyo karibu, mtaalamu wa kusoma kinyama, kipimo cha vinasaba vya uvimbe, na mgonjwa anayefika kabla hajaisha. Tunayo Ocean Road, tunazo hospitali za Bugando na KCMC. Mgonjwa wa Handeni huzifikia akiwa amepita vituo vingi na kumaliza dozi zisizo zake. Ujuzi wa kuendesha majaribio hatuna haja ya kuuazima. Upo Korogwe, na baadhi ya waliokuwa nao sasa wanafanya biashara ya machungwa Kabuku kwa sababu miradi iliisha.

Mjomba alianza tibakemikali. Siku nyingine anaivumilia, siku nyingine haimpendi. Ameacha sigara, jambo ambalo shangazi anajisifia yeye. Aliniomba niandike haya ili wengine wa Handeni wasipoteze mwezi kwenye ugomvi kama wetu, kwa hiyo nayaandika kama alivyotaka.

Ukiitwa kwenye utafiti wa tiba, wewe au mzee wako, omba nakala ya fomu ya ridhaa na urudi nayo nyumbani. Ni haki yako. Tazama kama ina kibali cha kamati ya taifa ya maadili ya utafiti iliyo chini ya NIMR, na kwa jaribio la dawa, kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, pia. Lazima iwe na namba za simu za kupiga ukipata tatizo. Zipige hata kabla ya kusaini. Uliza ukikataa utatibiwa na nini, ukijitoa utatibiwa na nani, na dawa ikifaulu utaipata wapi. Asiyekujibu, mrudishie kalamu yake. Na kama umemaliza dozi ya kifua kikuu na bado unakohoa, au unatema damu, au unakonda, usikubali kuanzishiwa dozi nyingine kabla makohozi hayajapimwa upya na kifua hakijapigwa picha. Dai rufaa mapema.